Mpagazi na Mzigo Wake: Historia Fupi ya Vyombo vya Kubebea Jeni

Katika karne ya 19, mali haikufika Tabora wala Ujiji yenyewe. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilitoka Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, na pembe za ndovu zikarudi pwani kwa mabega hayohayo. Mwenye msafara aliyeijua kazi yake hakutosheka kuuliza mzigo una nini. Aliuliza pia nani ataubeba, atapita njia gani, na akifika atawafanyia nini wenyeji. Dawa za jeni za siku hizi zinaulizwa maswali hayohayo. Magazeti husifu mzigo, yaani jeni inayotarajiwa kutibu. Lakini ukiisoma historia yenyewe utaona kwamba mara nyingi madhara yametoka kwa mpagazi.

Tumeamua kuiandika historia hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mahali tulipo. Baadhi yetu wanachama tunaishi Greenbelt, mji mdogo wa Maryland ambako njia ya kijani ya treni za Metro inaishia. Ukishika barabara ya mzunguko, ile Beltway, kuelekea magharibi, unapita kwanza karibu na White Oak, makao makuu ya FDA, mamlaka ya Marekani inayoidhinisha dawa. Ukiendelea unafika Bethesda, ziliko Taasisi za Taifa za Afya, NIH. Mengi ya haya tunayoyasimulia yaliamuliwa katika kipande hicho cha barabara, kwa majirani zetu. Sababu ya pili ni selimundu, ugonjwa ambao wengi nyumbani wanauita siko seli. Ni nadra kukaa katika mkutano wa chama chetu usikute mtu mwenye ndugu, jirani au mwanafunzi mwenzake wa zamani aliyeugua ugonjwa huo. Dawa ya jeni ya selimundu sasa ipo. Tutaona kwamba kufika au kutofika kwake kwetu kunategemea sana suala la mpagazi.

Kwa nini jeni ihitaji kubebwa

DNA ni uzi mrefu wenye chaji hasi ya umeme. Utando wa nje wa seli nao una chaji hasi. Vitu viwili vyenye chaji ya aina moja husukumana, kwa hiyo DNA ikimwagwa juu ya seli haipokelewi. Tena damu ina vimeng'enya vinavyoikatakata DNA iliyo uchi kabla haijafika popote. Mpagazi wa jeni basi ana kazi nne: kuukunja mzigo uwe mdogo, kuulinda njiani, kuupitisha kwenye utando wa seli, na kuutua ndani.

Kuna wapagazi wa aina kuu mbili. Wa kwanza ni virusi, ambavyo kwa asili yake kazi yake ni kuingiza jeni ndani ya seli. Wa pili hutengenezwa maabara, na wengi wao ni polima au mafuta. Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vinavyojirudia, kama shanga katika uzi. Wanga ni polima, nailoni ni polima, na plastiki ya ndoo ni polima.

Mwaka 1965 Antti Vaheri na Joseph Pagano walieleza jinsi walivyotumia dekstrani, polima ya sukari, iliyorekebishwa kwa kupachikwa vikundi vyenye chaji chanya. Kwa msaada wake, RNA ya virusi vya polio iliingia ndani ya seli kwa urahisi zaidi kuliko ilipokuwa peke yake. Sababu si ngumu kuiona: chaji chanya ya polima huishika chaji hasi ya mzigo, kisha huvutwa na chaji hasi ya utando wa seli. Maabara nyingi ziliipokea mbinu hiyo. Zilijifunza pia kwamba ukizidisha polima ile, seli hufa. Katika sahani ya maabara hilo si tatizo kubwa, kwani unamwaga na kuanza upya. Mwili wa mtu haumwagwi.

Mwaka 1987 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. George Wu na Catherine Wu, wa Chuo Kikuu cha Connecticut, waliunganisha polilaisini, polima ya asidi amino yenye chaji chanya, na protini inayotambuliwa na seli za ini. Wakapata mpagazi anayejua nyumba anayokwenda. Mwaka huohuo Philip Felgner na wenzake walionyesha kwamba matone madogo ya mafuta yenye chaji chanya nayo yanaweza kuingiza DNA ndani ya seli. Njia zote mbili zilitumia chaji chanya, na zote mbili zilirithi shida yake.

Bethesda, 1990, na Philadelphia, 1999

Tarehe 14 Septemba 1990, huko Bethesda, mtoto wa kike wa miaka 4 mwenye upungufu mkubwa wa kinga alirudishiwa seli zake mwenyewe za damu baada ya kuingizwa jeni aliyoikosa. Timu ya W. French Anderson, Michael Blaese na Kenneth Culver ilitumia virusi vilivyopunguzwa nguvu. Hilo lilikuwa jaribio la kwanza lililoidhinishwa la tiba ya jeni kwa binadamu, na liliamsha matumaini makubwa. Virusi vilikuwa wapagazi hodari kuliko polima yoyote ya wakati ule, na majaribio mengi ya miaka iliyofuata yakafuata njia hiyo.

Polima nazo hazikulala. Mwaka 1995 Jean-Paul Behr na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, walitangaza poliethilini-imini, ambayo maabara huiita PEI. Polima hii haikuwa ngeni viwandani, kwani ilikuwa ikitumika kutengeneza karatasi na kusafisha maji. Sifa yake ni kwamba ina chaji chanya nyingi sana na bado ina nafasi ya kupokea nyingine. Seli inapoimeza PEI pamoja na mzigo wake, huiweka katika kifuko chenye asidi ili imeng'enywe. Behr alipendekeza kwamba PEI hunyonya asidi ile kama sifongo, kifuko kinavimba, kinapasuka, na mzigo unatoka mzima. Wataalamu wameendelea kubishana kuhusu maelezo hayo, ila matokeo hayakubishaniwa: PEI ilibeba DNA vizuri kuliko polima nyingi zilizoitangulia.

Lakini kizuri hakikosi ila. Chaji ileile inayoushika mzigo huushika pia utando wa seli na kuutoboa. Ndani ya damu hushikana na protini na seli nyekundu na kufanya mabonge. Mwaka 2005 Moghimi na wenzake walieleza kwamba PEI huua seli kwa hatua mbili: kwanza utando huharibika ndani ya dakika 30 hivi, kisha, ndani ya saa 24, mitokondria huvurugwa na seli ikaanza kujiua yenyewe. Shida nyingine ni kwamba PEI haivunjwivunjwi na mwili. Tena molekuli kubwa za PEI hubeba vizuri na huua zaidi. Molekuli ndogo huua kidogo na hubeba vibaya. Nguvu na sumu zilitoka mahali pamoja, na ukipunguza moja unapunguza na nyingine.

Wakati polima zikihangaika hivyo, virusi navyo vilifika mahakamani. Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 kutoka Arizona, alikuwa na ugonjwa wa ini wa kurithi uliokuwa ukidhibitiwa kwa dawa na mlo maalumu. Hakuwa mahututi. Alijitolea katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na tarehe 13 Septemba 1999 alipewa jeni iliyobebwa na virusi vya aina ya adeno, kiasi cha chembe trilioni 38. Mfumo wake wa kinga ukalipuka dhidi ya virusi hivyo. Alifariki tarehe 17 Septemba. Jeni haikumuua, aliuawa na mwitiko wa mwili wake dhidi ya mpagazi.

Yaliyogunduliwa baadaye yanauma zaidi. Fomu ya ridhaa aliyotia sahihi haikutaja kwamba nyani waliopewa virusi vya aina hiyo walikuwa wamekufa. NIH ilipodai taarifa za majaribio mengine yaliyotumia virusi vya adeno, zikaletwa taarifa 691 za madhara makubwa. 39 tu kati ya hizo ndizo zilizokuwa zimeripotiwa kwake kama ilivyotakiwa. Wapagazi walikuwa wakidhuru watu, na habari ilikuwa imefungiwa makabatini.

Mwaka 2002 ikaja habari nyingine kutoka Paris. Watoto waliozaliwa bila kinga walikuwa wametibiwa kwa virusi vinavyochomeka jeni ndani ya DNA ya mgonjwa, na wengi wao walipona. Kisha baadhi yao wakapata saratani ya damu, kwa sababu virusi vilichomeka mzigo jirani na jeni inayochochea ukuaji wa seli. Mpagazi alifika salama, ila akautua mzigo mahali pabaya.

Kumvisha mpagazi nguo

Baada ya hapo watafiti wengi walirudi kwenye polima kwa nguvu mpya. Swali likawa: je, tunaweza kuirekebisha polima ibebe bila kuua? Walijaribu njia kadhaa, na tutazitaja tatu.

Njia ya kwanza ni kutengeneza polima inayovunjika yenyewe. Mwaka 2000 David Lynn na Robert Langer wa taasisi ya MIT walieleza polima zenye viungo vinavyokatika majini, ili mpagazi akishatua mzigo ayeyuke na mabaki yatoke.

Njia ya pili ni kuificha chaji kwa koti la polima nyingine, poliethilini glaikoli, yaani PEG, ambayo haina chaji na hupendana na maji. Mfano mashuhuri ni CALAA-01, iliyotoka kwa Mark Davis na wenzake wa California. Chembe zake zilijengwa kwa polima yenye pete za sukari, zikavishwa koti la PEG, na zilianza kupewa wagonjwa wa saratani mwaka 2008. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha ushahidi kwamba mzigo ulifika ndani ya uvimbe na kuizima jeni iliyokusudiwa, jambo ambalo halikuwahi kuonyeshwa kwa binadamu kwa njia hiyo. Hata hivyo baadhi ya wagonjwa walipata madhara, na dawa haikuendelezwa.

Njia ya tatu ni kuificha silaha mpaka mpagazi afike. Hapa tunarudi kwa majirani zetu wa White Oak. Kampuni ya Arrowhead ilikuwa ikijaribu ARC-520, dawa ya homa ya ini aina ya B, ugonjwa unaotuhusu sana Waafrika. Mpagazi wake alikuwa na kipande cha protini kinachofanana na sumu ya nyuki, kilichofunikwa ili kifunuke ndani ya seli tu na kupasua kile kifuko chenye asidi. Mnamo Novemba 2016 FDA iliyasimamisha majaribio, baada ya nyani waliopewa dozi kubwa za mpagazi huyo kufa. Mwezi huohuo kampuni iliziacha dawa zake zote zilizomtegemea, ikahamia kwenye njia isiyomhitaji. Linganisha na 1999. Safari hii vifo vya nyani havikukosekana kwenye karatasi. Vilimfikia mwenye mamlaka ya kusimamisha, naye akasimamisha. Tofauti hiyo ililipiwa na maisha ya kijana wa miaka 18.

Na lile koti la PEG? Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa halina madhara. Lakini PEG imo katika vipodozi, dawa za kulainisha choo na vitu vingi vya nyumbani, na watu wengi wana kingamwili dhidi yake hata kama hawajawahi kudungwa dawa yenye PEG. Mwaka 2014 jaribio kubwa la dawa ya wagonjwa wa moyo, kipande cha RNA kilichounganishwa na PEG, lilisimamishwa kwa sababu ya mzio mkali kwa wagonjwa wachache, na mmoja wao alifariki. Ilionekana kwamba waliopata mzio huo walikuwa na kingamwili hizo tangu awali. Desemba 2020 zilipoanza kutolewa chanjo za korona zenye RNA iliyobebwa na matone ya mafuta yenye koti la PEG, taasisi ya CDC ilihesabu watu 21 waliopata mzio mkali kati ya dozi za kwanza 1,893,360 za chanjo ya Pfizer, sawa na 11 kwa kila milioni. PEG ikashukiwa. Idadi hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na waliookolewa na chanjo, na watu waliijua kwa sababu ilihesabiwa na kutangazwa ndani ya wiki chache tu.

PEI nayo haikutupwa. Ilipata ajira kiwandani. Virusi vingi vinavyotumika leo kubeba jeni hutengenezwa kwa kutumia PEI kuingiza DNA katika seli za kiwanda, kisha mabaki yake husafishwa kabla dawa haijafika kwa mgonjwa. Mpagazi aliyeshindwa kuingia mjini amebaki kupakia shehena bandarini.

Selimundu na sisi

Tarehe 8 Desemba 2023 FDA iliidhinisha dawa mbili za jeni za selimundu kwa siku moja: Casgevy na Lyfgenia. Lyfgenia hutumia virusi kama mpagazi, na karatasi yake ina onyo kuhusu saratani ya damu. Casgevy haitumii virusi wala polima. Seli mama za damu hutolewa mwilini, hupelekwa maabara, hufunguliwa kwa mshtuko wa umeme, huhaririwa, kisha hurudishwa. Kabla ya kurudishwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kufyeka uloto wake wa zamani, na hukaa hospitalini wiki kadhaa. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa Casgevy na dola milioni 3.1 kwa Lyfgenia.

Sasa tutazame nyumbani. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na makadirio ya kila mwaka yanazidi watoto 10,000. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utafiti tangu 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani. Utaalamu tunao. Lakini hakuna hesabu yoyote itakayozidisha dola milioni 2 kwa maelfu ya watoto ikaleta jibu linalolipika. Hata bei ikishuka, hospitali ya wilaya haina maabara ya kuhariri seli wala vyumba vya kumlinda mtoto asiye na uloto kwa wiki kadhaa.

Ndiyo maana Oktoba 2019 NIH na wakfu wa Gates walitangaza kila mmoja kutoa angalau dola milioni 100 kwa miaka minne, kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zinazoweza kutumika hata Afrika, yaani tiba ambazo zikidungwa zinatafuta njia zenyewe mwilini. Tiba kama hiyo inahitaji mpagazi wa bei nafuu, anayeweza kutengenezwa kwa wingi, anayejua njia ya kufika kwenye uloto, na asiyemuumiza mtoto. Polima na mafuta yaliyorekebishwa ni miongoni mwa wanaotegemewa. Kwa hiyo sumu ya polima si somo la wanakemia peke yao. Kwa watoto wetu, huo ndio mlango ambao tiba itapita au itakwama.

Hapa historia ya Greenbelt yenyewe ina neno la kutuambia. Mji huu ulijengwa na serikali wakati wa Rais Roosevelt, na familia za kwanza zilihamia mwaka 1937. Ulikuwa mji wa mfano: nyumba 885, njia za miguu zisizokatiza barabara za magari, duka la ushirika. Ulipangwa kwa ajili ya afya na usalama wa wakazi. Wafanyakazi weusi walishiriki kuujenga, lakini familia nyeusi hazikuruhusiwa kupanga. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulipoandikwa neno "mkazi", mtu mweusi hakuhesabiwa.

Dawa nazo zinaweza kupangwa hivyohivyo. Tarehe 31 Oktoba 2023, washauri wa FDA walipokutana hadharani kuijadili Casgevy, mojawapo ya mambo yaliyozungumzwa ni kama takwimu za vinasaba zilizotumika kukagua usalama wake zilikuwa na watu wa kutosha wenye asili ya Afrika. Na dawa yenyewe ni ya ugonjwa ambao wengi wa wagonjwa wake ni watu weusi. Neno "salama" linamaanisha salama kwa waliopimwa. Kingamwili dhidi ya PEG, hali ya ini, malaria za mara kwa mara, haya yote yanaweza kubadili jinsi mwili unavyompokea mpagazi. Asiyekuwemo katika jaribio hana uhakika kwamba neno hilo linamhusu.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wa chama mambo mawili. Wanaosomea kemia, famasia na biolojia, wasiyapite masomo ya sumu kwa kuyaona hayana fahari. Na wote tunaojua Kiswahili tujue kwamba majaribio yakifika Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kutakuwa na fomu za ridhaa, na mtu atapaswa kuziandika kwa lugha ambayo mama wa mtoto anaielewa. Fomu hizo zinapaswa kueleza mzigo na mpagazi pia: ametengenezwa kwa nini, amewahi kumdhuru nani, na wanyama waliompokea kwanza walipatwa na nini. Fomu ya Jesse Gelsinger ilikuwa kwa Kiingereza, lugha yake mwenyewe, na bado haikumwambia hilo la mwisho.